Siku Dana Alipokufa Uchina

Nilipokuwa mtoto wa darasa la sita pale Sindo, nilikuwa nakufa kila Jumanne na Alhamisi baada ya masomo, halafu nafufuka kwa wakati wa kwenda ziwani kuteka maji. Na nilikuwa nakufa vizuri. Nalala juu ya mkeka, nafumba macho, naachia mkono mmoja uanguke pembeni, na wenzangu wanakubali kwamba hakuna mtu shuleni anayekufa kunishinda. Nilijivuna sana kwa hilo, na nikiulizwa leo, bado najivuna kidogo.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Shule za upande wetu ziliambiwa zitayarishe michezo ya kuigiza ya historia, zikashindane Homa Bay. Shule nyingine zilikimbilia wafalme na vita. Mwalimu wetu, Mwalimu Ochola, kijana wa Ndhiwa aliyekuwa na baiskeli moja na kitabu kimoja alichokipenda kuliko baiskeli, alisema wafalme wana watu wa kutosha wa kuwasimulia. Sisi tutaigiza nyumba moja ya wakulima wa Uchina ya kale, watu wa kawaida tu, wanaoamka na jembe na kulala na uchovu.

Tulicheka. Lakini Mwalimu alipoanza kutusomea kile kitabu, kicheko kilikatika chenyewe. Hao watu walikula nafaka ndogondogo kama wimbi wetu. Nyumba zao zilikuwa za udongo na nyasi. Wanawake walifuga viwavi na kusokota hariri, lakini hariri ilivaliwa na wakubwa, wao wakabaki na nguo za katani zinazowasha. Mzee wa nyumba alipewa chakula kwanza, na waliokwisha kufa walitengewa chao. Odhiambo, aliyekaa dawati moja nami, alinyoosha mkono akauliza kama Mwalimu ana hakika hawa si Wajaluo wa upande wa Gwasi.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Nyanya wa nyumba anakufa wakati wa mavuno. Hakuna anayeruhusiwa kulia. Kwanza mwanawe anachukua nguo ya marehemu, anapanda juu ya paa, anaita jina lake mara tatu, akimwomba arudi nyumbani. Asiporudi, ndipo watu wanajua kwamba amekwenda kweli, na kilio kinaanza. Mwalimu alisema Wachina wa kale walifanya hivyo hasa. Nyanya nilikuwa mimi. Mwana alikuwa Odhiambo, na paa lake lilikuwa ngazi iliyoshikiliwa na wavulana wawili. Majina ya Kichina yalitufunga ndimi, kwa hiyo Mwalimu akaamua kila mtu atumie jina lake. Basi kila Jumanne na Alhamisi Odhiambo alipanda ngazi, akapunga gunia, akaita kwa sauti ya kutosha kufika sokoni: "Atieno, rudi nyumbani."

Dana hakujua. Dana, yaani nyanya yangu, mama ya baba, alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, Msabato asiyekosa ibada ya Jumamosi, ambaye pia hangefagia nyumba jua likishazama hata umlipe. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yake bila kugombana. Alhamisi moja alikuja shuleni kutafuta chungu chake, ambacho nilikiazima kwa ajili ya mchezo bila maelezo ya kutosha. Akanikuta juu ya mkeka, macho nimefumba, na mvulana juu ya ngazi ananiita nirudi.

Sikumsikia akija. Nilisikia tu mkono umenishika bega, mkono wa baridi, na sauti yake ikisema, "Amka, nyakwara. Amka sasa hivi."

Nyakwara ni mjukuu wangu. Kwa kawaida aliniita hivyo akitaka kunipa kitu kizuri. Siku hiyo alinivuta mpaka nyumbani kama ndama aliyevuka kwenye shamba la watu, na chungu chenyewe akakisahau.

Nyumbani baba alijaribu kusema ni mchezo tu wa watoto. Dana alimwambia mdomo huumba, na mtu hajichulii kifo mbele ya watu kisha akaenda kula chakula cha jioni. Halafu akasema jambo ambalo nililijua nusu. Jina langu si langu peke yangu. Atieno wa kwanza alikuwa binti yake, shangazi yangu, aliyekufa kwa surua akiwa na umri kama wangu, na mimi nilipozaliwa nikapewa jina lake, kama ilivyo desturi yetu. Ile nusu ambayo sikuijua ni kwamba siku ile mtoto alipokuwa anakata roho, Dana alitoka nje akasimama uani na kumwita. Alimwita mpaka sauti ikakauka.

"Nani aliwafundisha hao Wachina?" akauliza, akimtazama baba kana kwamba baba ndiye aliyewafundisha. "Mimi niliita na sikujibiwa. Sasa mnamwita huyu, na jina ni lilelile. Yule akisikia huko aliko, akadhani ndiye? Akija, akamkuta mwenzake amelala tayari? Aliyeitwa hivyo hutafutwa."

Niliogopa, siwezi kusema uongo. Lakini nililia pia kwa sababu nyingine: kwamba nimenyang'anywa kifo changu, nacho ndicho kitu pekee nilichokuwa nakijua kuliko wenzangu.

Kesho yake asubuhi Dana alivaa viatu, jambo lililoonyesha uzito wa shauri, akaenda kumwona Mwalimu Ochola. Nilimfuata. Mwalimu hakumcheka. Alikuwa mtoto wa watu, ana nyanya yake Ndhiwa, na alijua vizuri anachoambiwa. Ila alisema mchezo wote umeegemea pale kwenye ngazi, ukiondoa kuita hapabaki kitu. Akapendekeza kwamba Atieno apewe kazi nyingine, na mtoto mwingine afe.

"Huyo mtoto mwingine," Dana akasema, "hana nyanya?"

Watoto waliokuwa dirishani wakisikiliza wakaacha kusukumana. Dana akaupita mlango, akaenda mpaka kwenye mkeka uliokuwa umekunjwa pembeni ya darasa, akautandika mwenyewe, akaupigapiga kutoa vumbi.

"Nitakufa mimi," akasema. "Mimi na kifo tunasalimiana kila asubuhi. Hakitanishtua. Na jina langu ni Awuor, mwiteni huyo."

Mwalimu alikuna shingo, akafikiri, mwishowe akasema hakuna sheria inayotaka maiti awe mwanafunzi.

Ndivyo Dana alivyoingia darasa la sita. Alivaa gunia la katani juu ya nguo yake, akilalamika kwamba hao Wachina walikuwa wavumilivu mno. Mimi nikawa mjukuu anayekoroga uji wa wimbi jikoni. Alikuwa mwigizaji mbaya kupita kiasi. Mara nyingi alisinzia kweli, na Odhiambo akawa anaita roho irudi huku roho yenyewe inakoroma chini yake. Akiamshwa, anauliza, "Kwani nimeshakufa, au bado?" Mwalimu alicheka mpaka akalazimika kutoka nje.

Siku ya mashindano tulisafiri kwa lori lililobeba samaki siku nyingine, sisi nyuma pamoja na vyungu, Dana mbele kando ya dereva, kitambaa cheupe kichwani. Uwanja wa Homa Bay ulijaa. Waamuzi walikaa kwenye viti chini ya turubai, na nyuma yao akina mama wa soko waliokuja na vikapu vyao. Wafalme walipita mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mkuki wake. Kisha tukaingia sisi na majembe.

Mambo yalikwenda vizuri. Tulipalilia, tulisaga, tulimpa nyanya chakula kwanza. Dana akalala, akafa. Odhiambo akachukua shali la Dana, akapanda ngazi. Nikamwona anatazama umati, na uso wake ukawa mtupu. Jina la Awuor lilikuwa geni mdomoni mwake. Lile alilozoea kuita tangu mwanzo lilikuwa jingine. Akafumbua mdomo akaita kwa nguvu zake zote, "Atieno, rudi nyumbani."

Mwiko ulisimama mkononi mwangu. Akaita tena, maana mtu akishakosea jukwaani hujifunga kwenye kosa lake. "Atieno, rudi nyumbani."

Kabla hajaita mara ya tatu, maiti akaketi.

Uwanja mzima ulishtuka. Dana aliketi wima, shali halipo, mabega yako wazi, akaangalia juu, wala si kwa Odhiambo, juu zaidi. Hakupaza sauti, lakini kila mtu alimsikia. "Atieno huyu hapa, anapika uji," akasema, akanionyesha kwa mkono. "Hajaenda mahali. Na yule mwingine mwacheni alale, nilishamwita mimi, inatosha. Anayeitwa leo ni Awuor." Akalala tena, akavuta gunia lifunike miguu, akafumba macho.

Odhiambo aliliinua shali tena. Akaita kwa sauti ndogo, "Awuor, rudi nyumbani."

Dana hakujibu. Halafu mama mmoja kati ya wale wa vikapu akapiga nduru, nduru ya msiba wa kweli, akafuatwa na mwingine, na mwingine, mpaka uwanja wote ukawa matanga. Mwalimu Ochola alisimama kando ya turubai akijifuta macho kwa mkono wenye chaki. Mimi nililia ndani ya uji. Niliona fahari na huzuni kwa pamoja, na sikujua kama mtu anaruhusiwa kuwa na zote mbili.

Tulipewa nafasi ya pili. Mwamuzi mkuu alieleza kwa upole kwamba katika historia ya Uchina haijulikani marehemu aliyeketi kuwasahihisha wanaomlilia. Dana alipotafsiriwa hayo alisema, "Basi wao walikuwa hawakosei majina."

Mvua za masika zilipoanza, surua iliingia Sindo. Ilinipata, na ilinipata vibaya. Nakumbuka Dana ameketi mlangoni mwa chumba, kiti kimezuia mlango, akikataza mtu yeyote kulitaja jina langu. Usiku na mchana alikaa pale, mgongo kwangu, uso nje. Nilipona. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote, nimechanja watoto wa Karungu na Sindo wasiohesabika, na ninajua surua inatoka wapi. Najua vilevile nani alikaa mlangoni.

Tangu siku ile ya Homa Bay watu walimwita Nyar China, binti wa Uchina, na alilipenda jina hilo. Akienda sokoni, wauza samaki walimsifu nalo, naye akainua mkono kama mtu aliyetoka huko juzi. Akiugua, tukianza kuhangaika, alitutuliza. "Mimi nilishakufa Uchina," angesema. "Hapa natembea tu." Aliendelea kutembea hivyo mpaka nikaajiriwa, nikaolewa, nikazaa. Alipokufa kweli, Odhiambo, ambaye sasa alikuwa mfanyabiashara mwenye tumbo, alisimama uani amelishika shali la Dana, akalitazama lile paa la mabati kwa muda mrefu. Hakupanda. Aliniambia aliogopa kukosea jina tena.

Watu husema zile zilikuwa imani za wazee tu. Labda. Mimi naona mwanamke aliyeamini kwa moyo wote kwamba kifo kikiitwa kinakuja, kisha akaenda akatandika mkeka, akajilaza mahali pangu. Asiyeamini angelala pale bila kutoa kitu. Yeye alitoa alichokuwa nacho chote, mbele ya uwanja uliojaa, akiwa amevaa gunia.

Mjukuu wangu wa kwanza anaitwa Awuor. Ni mrefu, ana sauti ya chini, na jua likianza kushuka huwa bado yuko ziwani na wenzake. Natoka uani, naita, "Awuor, rudi nyumbani."

"Nakuja, Dana," anaitika.