Mtani Aliyetia Saini

Kuna watu nikiwakumbuka nasikia kichefuchefu, na wa kwanza ni ofisa mmoja wa serikali. Mnisamehe, sina lugha nyingine ya kumsema.

Kijijini kwetu, njia ya Sikonge, tuliahidiwa wilaya. Miaka nenda miaka rudi tunaambiwa tarafa yetu itapandishwa, tupate ofisi zetu na hospitali yetu, tuache kuendesha baiskeli kutwa nzima kufuata muhuri mmoja. Tukatoa hata kiwanja cha makao makuu, bure. Halafu akatumwa huyo ofisa kutuambia kwamba wilaya wamepewa wenzetu wa ng'ambo ya pori, na sisi tutakuwa chini yao. Loo!

Ofisa mwenyewe alikuwa Mzaramo, na sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipobeba pembe kwenda pwani. Tunatukanana mchana kweupe na hakuna anayenuna. Baba yangu, mfuga nyuki na mzee wa kanisa, aliupenda utani kuliko asali yake. Kila ofisa huyo alipofika, hata salamu bado, walianza kuitana "Mtani! Mtani!" na kutupiana maneno.

Siku ya mkutano watu walinuna, hakuna aliyepiga makofi. Baba akasimama, akidhani utani utapoza mambo.

"Mtani, kama wilaya hukuleta, leo huondoki. Tunakuzika hapa hapa, na machozi yetu hupati!"

Watu wakaangua kicheko. Ofisa naye alicheka, nilimwona kwa macho yangu, akajibu, "Mkinizika, nani atawatwisha mizigo, wapagazi nyie?"

Jioni vijana wakaangusha magogo barabarani. Kesho yake magari ya askari yakaja, mabomu ya machozi yakapigwa mpaka zahanati, kina mama wakakimbia na watoto wachanga mgongoni. Baba walimkuta porini kwenye mizinga yake. Uchochezi na kutishia kuua, wakasema, na maelezo ya mlalamikaji yalikuwa na saini ya mtani wake. Habari ya wapagazi haikuandikwa.

Na wale majirani walioshika mbavu kwa kicheko? Hakuna aliyesikia kitu. Mmoja aliniambia eti siku hiyo sikio lilikuwa linamuuma. Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza.

Nikafunga safari hadi ofisini kwa yule bwana.

"Unajua ulikuwa utani," nikamwambia.

"Najua, dada."

"Basi kaseme, mzee atoke."

Akaangalia mlango. "Huko juu wanataka mchochezi. Nikisema ulikuwa mzaha, wataniuliza kwa nini na mimi nilicheka." Kisha akanikaribisha chai. Chai! Baba yangu amelala sakafuni mahabusu, yeye ananiuliza sukari vijiko vingapi. Nilitoka kabla sijamtemea mate.

Wiki ya saba kesi ikafutwa. Pole hatukupewa. Nikamchukua baba kwangu mjini, Ipuli, nikampikia ugali na mlenda, nikamchokoza kwa kila neno la utani ninalolijua. Alikula, akashukuru, akanyamaza. Nikajiambia kutoka amekwisha kutoka, sasa ninachotaka ni mdomo wake urudi.

Asubuhi moja tulikuwa tukinunua maandazi, gari la serikali likasimama. Kioo kikashuka.

"Mtani! Kumbe bado hujafa?"

Alikuwa anatabasamu, mshenzi yule, kana kwamba hapajatokea kitu. Mtukane, baba, nikasema kimoyomoyo, mtukane mpaka wapwa wake wasikie.

Baba akavua kofia. Akaishika kwa mikono miwili, akainama mbele ya mtu wa umri wa mwanawe.

"Shikamoo, mheshimiwa."

Na yule mtu akaitikia, "Marahaba."