Mropokaji anayelinda ukimya wa pomboo

Saa mbili asubuhi, Karrar Awadallah anazima injini mita mia moja kabla ya maboya, anachukua kasia na kufunga mdomo. Hilo la mwisho ndilo gumu. Kijijini kwetu, kusini mwa Marsa Alam, kwenye pwani ya Misri ya Bahari ya Shamu, watu hukata kona wakimwona, maana salamu yake huanza adhuhuri na kuisha alasiri.

Huku majini hasemi. Mbele yake, katika ghuba ndogo iliyozungukwa na mwamba, pomboo themanini hivi wamelala huku wanaogelea, polepole, ubavu kwa ubavu. Usiku kucha walikuwa bahari kuu wakiwinda na kupiga miluzi. Mchana wanapumzika, na wakinyamaza wamenyamaza kweli.

Kwa miaka kumi na moja kazi yake imekuwa kuzuia boti za wageni zisivuke maboya. Mshahara ni paundi elfu saba kwa mwezi. Lawama anapewa bure.

Anayemlaumu kuliko wote ni binamu yake, nahodha Barakat. Msimu huu Barakat alitaka maboya yasogezwe ndani, na manahodha wenzake wakamuunga mkono. Wageni, alilalamika, wanakuja kuona pomboo wakiruka, siyo migongo iliyosinzia. Kikao cha kuamua kikapangwa Alhamisi.

Saadiya, mke wa Karrar, anasema yeye aliwaelewa pomboo kabla ya mumewe, tena bila kulowa. Kwetu kahawa ikitwangwa, mlio wa kinu ni mwaliko. Anayeusikia anakuja, na hafukuzwi.

"Namtaka jirani yangu mmoja, anakuja Barakat na njaa yake," anasema. "Kwa hiyo siku nyingine natandika blanketi chini ya kinu. Pomboo naye ni hivyo hivyo. Asipopiga mluzi atampoteza mwanawe. Akipiga sana, anakuja asiyetakiwa."

Asiyetakiwa ni nyangumi muuaji. Hapa hupita mara moja baada ya miaka mingi, lakini pomboo hawana kalenda. Papa haisikii vizuri miluzi ile, Karrar anaeleza. Nyangumi muuaji anaisikia yote, kwa sababu naye ni wa ukoo wa pomboo.

"Anayekusikia kuliko wote ni ndugu yako," anasema, kisha anamtazama mkewe, na wote wawili wanaangua kicheko.

Jumanne, siku mbili kabla ya kikao, Karrar alimpakia Barakat kwenye kiboti chake. Akatumbukiza kasia majini, akamwambia aegemeze taya kwenye mpini asikilize. Barakat akasema hasikii kitu ila tumbo lake mwenyewe.

Ndipo Karrar akapunga mkono, na boti ya Barakat, iliyokuwa ikingoja mbali na mabaharia wake kama walivyopatana, ikanguruma mpaka kwenye maboya. Kwenye mpini ukaja mluzi mmoja, kisha miwili, kisha mingi, kila mmoja mkali kuliko uliotangulia, ili kuushinda mngurumo. Mama walikuwa wakiita watoto wao.

"Wanasema nini?" Barakat aliuliza.

"Wanasema, tuko hapa," Karrar akamjibu. "Wewe umesikia. Nani mwingine amesikia, binamu?"

Barakat mwenyewe ndiye aliyeipungia mkono boti yake izime injini. Hakuondoa taya kwenye kasia mpaka miluzi ilipokwisha. Njia nzima ya kurudi, jambo ambalo kijiji bado hakiliamini, Karrar hakusema neno.

Alhamisi, Barakat alikuwa wa kwanza kusimama. Akasema maboya yabaki yalipo msimu huu. Wenzake walinung'unika, wakakubali.

Karrar hajatosheka. Ndoto yake ni maboya yasogezwe nje mita hamsini zaidi, na wageni wote waingie kwa makasia, midomo imefungwa. Barakat anaona huo ni ulafi.

Ijumaa asubuhi Saadiya alitwanga kahawa mpaka mtaa wa pili wakasikia. Maji hayajachemka, Barakat huyo mlangoni.

"Blanketi limefuliwa leo?" aliuliza.

Saadiya hakutikisika. "Limeanikwa, shemeji. Ingia. Na unajua mgeni haondoki kabla ya kikombe cha tatu. Karrar ana maneno yake kuhusu mita hamsini."