Jina la Hermine Pokorny kwenye Jalada

Hermine Pokorny alikuwa na masikio makali na heshima ndogo kwa wanadamu, na vyote viwili alivipatia kazini. Kwa miaka ishirini na sita alikaa katika chumba kisicho na dirisha, nyuma ya ukumbi wa kurekodia muziki pale Vienna, akikata kanda za sauti kwa wembe. Wapiga piano walipita, viongozi wa okestra walipita, wamevaa makoti yenye kola za manyoya, vifua mbele, na yeye akazijua aibu zao kama muuguzi anavyojua nani ana bawasiri.

Kazi yenyewe haina uchawi. Mpiga piano anapiga ukurasa uleule mara kumi na nne, okestra nzima ikimsindikiza kwa uvumilivu wa ng'ombe, na kila mara anaharibu mahali papya. Hermi anazisikiliza zote kumi na nne, karatasi za nota mbele yake, penseli nyekundu mkononi. Hapa ya tatu ndiyo nzuri, pale ya tisa, mwishoni ya kumi na mbili. Anakata ukanda kwa mshazari, anaunganisha kwa utepe mwembamba wa gundi, mpaka konseto, muziki mzima wa piano na okestra, inatoka safi. Kisha santuri inaingia madukani, na watu wazima wenye akili zao wanakaa sebuleni wamefumba macho, wanaambiana, "Huyu Seyringer! Anapiga kwa pumzi moja."

"Pumzi moja yenye viraka mia na tisa," Hermi alikuwa akimwambia Ferdl, fundi wa mitambo, huku akitafuna mkate wake wa soseji.

"Usiseme kwa sauti, Hermi. Utawaua wazee wa watu."

"Na wafe. Watazikwa na kinanda."

Profesa Ottokar Seyringer, mpiga piano, ndiye aliyekuwa mgonjwa wake mkubwa. Kila akipanda mbio kuelekea nota za juu za piano, kidole cha nne cha mkono wa kulia kilimsaliti. Alijikwaa, akameza nota mbili, kisha akaendelea na uso wa mtu aliyekusudia. Jukwaani watu waliziangalia nywele zake nyeupe wakasamehe, lakini ukanda hauna nywele. Miaka kumi na tisa Hermi alimtafutia nota hizo kwingine, nyingine akiziokota kwenye mazoezi ya asubuhi, nyingine kwenye kurasa alizokuwa amepiga vizuri kwa bahati. Seyringer hakuwahi kumshukuru. Si kwamba alikuwa mchoyo wa shukrani, la. Hakukanyaga chumba kile hata siku moja. Aliletewa ukanda uliokamilika, akausikiliza nyumbani kwake akiwa na glasi ya mvinyo, akaridhika na nafsi yake.

Hermi angeweza kuyameza yote hayo isipokuwa jambo moja, yaani jalada. Kwenye jalada la santuri liliandikwa jina la aliyeitengeneza piano, jina la mpiga picha, na la yule daktari wa muziki aliyejaza upande wa nyuma maneno yasiyosomwa na mtu. Jina la mkata kanda halikuwepo. Aliomba kwa wakurugenzi watatu, mmoja baada ya mwingine, na wote walimjibu jambo lilelile: mnunuzi akiona kuna mkataji, atajua kuna mkato. Lilimuuma. Na liliuma zaidi kwa kuwa aliwadharau watu wale, kisha akatamani kuorodheshwa pamoja nao.

Mwezi Machi mwaka wa 1971, miezi mitatu kabla ya kustaafu, mkurugenzi aliyekuwepo, Lanz, alimwita ofisini.

"Frau Pokorny, santuri yako ya mwisho itakuwa na jina lako. Nimeamua."

"Kwa maandishi, Herr Direktor."

"Kwani huniamini?"

"Nimekaa hapa miaka ishirini na sita."

Lanz akaandika. Santuri yenyewe ilikuwa konseto ya Mozart, na mpiga piano alikuwa Seyringer. Hermi alirudi chumbani kwake akafungua pakiti mpya ya nyembe, akasafisha meza ambayo haikuwa chafu. Alikusudia kuunganisha konseto hiyo hivi kwamba yeye mwenyewe, kwa masikio yake mwenyewe, asiweze kuusikia mshono. Alikuwa na furaha, ingawa angemrushia kikombe yeyote ambaye angemwambia hivyo.

Ndipo akaletwa kiongozi wa okestra, Dokta Waldemar Krusche, mtu mrefu mwenye shingo ya bata mzinga na nadharia. Nadharia yake ilikuwa kwamba wembe umeua muziki. Kila sehemu ya konseto ingepigwa mara moja tu, mwanzo hadi mwisho, na kilichotoka ndicho hicho.

"Ukweli, Frau Pokorny!" akasema, akainama na kumbusu mkono. "Tunawapa watu ukweli!"

Hermi aliufuta mkono kwenye sketi. Alimtazama Seyringer akitegemea kwamba huyu angalau angeogopa. Lakini Seyringer alikuwa ameshakubali, na kwa shangwe. Aogope nini? Alikuwa amezisikiliza santuri zake mwenyewe kwa miaka kumi na tisa.

Walirekodi asubuhi moja ya mvua. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri mpaka pale okestra inaponyamaza na kumwachia mpiga piano uwanja peke yake. Seyringer alipanda, akafika karibu na kilele, kidole cha nne kikalegea, nota mbili zikamezwa. Katika chumba cha kusikilizia Ferdl aliziba mdomo. Hermi hakutikisika. Sehemu ilipokwisha Krusche alibaki mikono juu, macho yamefumbwa.

"Uhai," akanong'ona. "Huo ndio uhai."

Seyringer akajifuta jasho, akauliza kama hoteli ya jirani bado inapika nyama ya kuchemsha siku za Jumatano.

Hermi alipanda ngazi moja kwa moja mpaka kwa Lanz. "Ninacho kipande hicho cha mazoezi. Sekunde tatu, safi kabisa. Nipe ruhusa ya sekunde tatu tu."

"Nimemwahidi Krusche. Hakuna mkato."

"Basi andika kwenye jalada kwamba haikukatwa, watu wajue."

Lanz alicheka mpaka akakohoa. "Niandike hivyo ili waulize zile nyingine zilikatwa mara ngapi? Wewe mwanamke una wazimu? Hatuandiki chochote." Akajifuta mdomo. "Kwa kuwa hukukata kitu, ukitaka, jina lako tutaliondoa."

Hapo ndipo Hermi angeweza kusema ndiyo akaenda zake na heshima yake. Alisimama akilitazama zulia.

"Liacheni," akasema.

Alijichukia mpaka mwisho wa ngazi. Aliporudi chumbani aliutia ukanda mashineni, akatia alama nyeupe mahali pale, akaushika wembe. Sekunde tatu za mazoezi zilikuwa zinaning'inia msumarini, karibu na kichwa chake. Asingejua mtu. Krusche hakuwa na masikio ya kujua, na Seyringer angedhani ni yeye. Lakini hilo hasa ndilo lililomkera, kwamba atadhani tena ni yeye. Akaurudisha wembe kwenye pakiti. Wanataka ukweli, na waule.

Santuri ilitoka mwezi wa Oktoba. Chini kabisa ya jalada, kwa herufi za mchwa, iliandikwa: *Mhariri wa kanda, Hermine Pokorny.* Alinunua moja dukani kama mtu mwingine yeyote. Wiki iliyofuata, akiwa kwenye mkahawa wake wa kila siku, alifungua gazeti akakuta makala ya mhakiki mmoja, mmoja wa wale waliokuwa wakifumba macho sebuleni. Mhakiki alisifu kila kitu. Kisha akaandika kwamba karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza kuna mkato mbaya, wa aibu, na kwamba msanii ambaye pumzi yake haijawahi kukatika ameharibiwa na mkono mzito wa Frau Hermine Pokorny.

Ilikuwa mara ya kwanza jina lake kutoka gazetini. Kahawa yake ilipoa bila kuguswa.

Alasiri hiyohiyo simu ililia nyumbani.

"Frau Pokorny? Seyringer hapa. Umenisikitisha, mama. Santuri yako ya mwisho, na mimi ndiye wa kufanyiwa hivi?"

"Nimefanya nini, Herr Professor?"

"Pale kwenye kupanda! Umekata nota zangu mbili. Nimesikiliza mara nne. Yule si mimi."

"Sikukata popote. Krusche alikataza, na wewe ulikuwepo."

"Mimi sijawahi kuanguka pale! Chukua santuri yangu yoyote usikilize!"

Hermi aliitazama rafu. Santuri zote za Seyringer zilikuwa pale, zimepangwa kwa miaka. Zilikuwa kazi nzuri, kazi nzuri mno.

"Piano iko karibu nawe?"

"Iko karibu, ndiyo."

"Weka simu juu ya piano. Piga pale, nisikie."

Alisikia hatua, kisha kiti. Sauti ikapanda, ikajikwaa, ikameza nota mbili. Akaanza upya, akaanguka palepale. Mara ya tatu alikwenda polepole kama mwanafunzi, na bado akaanguka.

"Kidole kimechoka leo," ikaja sauti yake kutoka mbali. "Subiri. Usikate simu, Frau Pokorny. Subiri."

Akapiga mara ya nne, ya tano. Hermi akagundua kwamba mkono wake umeshika penseli na umeandika pembeni mwa gazeti alilorudi nalo: mwanzo wa mara ya tatu, katikati ya mara ya tano, nota mbili bado. Alikuwa ameanza kumuunganishia tena. Kisha, Seyringer akiwa katikati ya mara ya sita, akairudisha simu mahali pake.