Mpishi Aliyeiacha Barabara Itangulie

Saa tatu asubuhi, Mama Sufuria anafunua maharage, anaonja kwa ncha ya mwiko, kisha anavuta kuni moja nje. Nyuma ya jiko lake mashine ya kusaga kokoto inanguruma. Leo anapikia wafanyakazi kumi na wanne wa mashine hiyo. Zamani walikuwa mia na ishirini.

"Na mshahara umepungua nusu," anasema huku akitabasamu. "Nimetaka mwenyewe."

Kwa miaka tisa, mama huyu wa miaka 44 alipikia wajenzi wa barabara. Lami ikisonga mbele, kambi inang'olewa, naye anafunga virago. Amehama mara kumi na moja.

Mumewe aliaga kwamba anakwenda kutafuta kazi, akapotelea huko. Mama Sufuria alipokwenda mahakamani kuomba talaka, karani alitaka kujua jambo moja kwanza.

"Unaishi wapi, dada?"

"Kambini."

"Tangu lini?"

"Miezi minne."

Karani akafunga faili. Mwombaji alitakiwa awe ameishi mwaka mzima ndani ya eneo la mahakama ile. Kabla mwaka haujatimia, kambi ikavuka mto, na ng'ambo kulikuwa na mahakama nyingine. Huko nako akaambiwa aanze upya.

"Nilicheka mpaka karani akashtuka," anakumbuka. "Mume kanikimbia, lakini ndoa yake inanifuata kila kambi!"

Kwa nini asiachane tu na habari za talaka? Anaacha kukoroga. "Sitaki kuitwa mke wa mtu nisiyejua anakula wapi."

Mwaka jana kambi ilipojiandaa kuhama tena, alimwendea msimamizi. "Bosi, safari hii mimi nabaki." Msimamizi alidhani ni utani. Mama Sufuria akaomba kazi hapa kwenye kokoto, akapanga chumba, akatulia.

Mwezi uliopita alirudi mahakamani na mwenye nyumba wake, bibi mmoja asiyemung'unya maneno. "Mwaka mzima huyu yuko kwangu," bibi alimwambia karani. "Kila alfajiri ananiamsha kwa makelele ya sufuria. Nitamsahauje?"

Ombi likapokelewa. Litasikilizwa baada ya wiki sita.

Wenzake, walioko kilomita themanini mbele, humpigia simu kulalamikia chakula cha mpishi mpya. Talaka ikitoka atawafuata, lakini chumba hatakiachia.

"Sijawahi kuwa na mlango wangu," anasema akianza kupakua. "Hata nikilala kwenye hema, ufunguo nitakuwa nao mfukoni."