Wageni wa Kina Nsimire

Juzi, katika duka moja hapa Albert Park, muuzaji alikata uzi wa gunia la mchele, na harufu ile ya vumbi tamu ikanirudisha kambini. Nimezunguka sana tangu hapo, Kigoma, Lusaka, sasa Durban, lakini harufu hiyo bado huniamshia wivu.

Baba alikuwa askari wa miguu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoisukuma divisheni yake kutoka mji hadi mji, familia tuliifuata kwa nyuma, masufuria kichwani. Tulilala madarasani, kila familia na pembe yake. Mama alipenda kusema yeye ni mke mdogo. Mke mkubwa ni divisheni.

Pembe ya jirani ilikuwa ya rafiki yangu Nsimire. Asubuhi moja meja alikuja kwao mwenyewe, kofia mkononi, na nyuma yake askari wawili wamebeba gunia zima la mchele. Wanawake wa kambi wakajaa. Walilia, ndiyo, lakini kambini kulia hakukuwa kitu kigeni. Mimi niliona chai yenye sukari, niliona Nsimire akipakatwa na kila mama, na hata kunyolewa kichwa alinyolewa na mke wa meja. Mimi nani alinijua? Nikamuuliza mama:

“Kwetu batakuja siku gani?”

Akaniziba mdomo kwa kiganja chenye unga.

“Usirudilie. Hata ndani ya roho, usirudilie.”

Nikarudia, kila nilipofumba macho kusali.

Wiki mbili baadaye baba alitokea mlangoni, amekonda, buti zimening’inia shingoni. Nilichungulia nyuma yake. Hakukuwa na meja, wala gunia. Nikaangua kilio cha kukosa. Baba akaniinua, naye akalia, akiwaambia majirani waone mtoto anavyompenda. Nsimire alisimama kwenye pembe yao akitutazama, asipepese macho. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba saa ile yeye ndiye aliyekuwa na wivu, na wa kwake ulikuwa na haki.

Baba ni mzee sasa, na kila akinipigia simu lazima afike pale pale.

“Divisheni nzima, mwanangu, nani alipokewa na machozi kama yale?”

“Wewe peke yako, papa,” namjibu.