Kioo cha Nyuma cha Muuza Sambaza

Nilitoka Mwanza kwa basi, nikavuka mpaka wa Rusumo, nikalala Kigali, kisha nikapanda basi jingine la Gisenyi. Njia nzima nilikuwa nikiikumbuka Bukoba, mji nilikozaliwa, ambao niliuhama kwa sababu nikiwa kule nilikuwa nikiitamani Mwanza. Mtu mmoja aliniambia Gisenyi imefanana na Bukoba: ziwa, migomba, mvua. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, cheti cha kidato cha nne na begi moja, na sababu hiyo ilinitosha kuhama nchi. Tulipopita milimani, ukungu ulifunika vioo vyote vya basi na dereva akawa anafuta cha mbele kwa kofia. Kwa hiyo mji wenyewe niliuona nilipokanyaga chini. Haukufanana na Bukoba.

Nilipata kazi kwenye gereji moja huko Nengo, mtaa wa Gisenyi. Mwenye gereji alikuwa Mnyarwanda aliyekulia Tanzania, na nadhani aliniajiri ili apate mtu wa kubishana naye kuhusu mpira wa huko.

Siku moja alikuja mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Kila alfajiri alipakia mabeseni kwenye gari lake kuukuu akapanda nayo hadi Musanze, mji wa milimani. Samaki wabichi ndani, baridi ya mlima nje: kioo cha nyuma kilijaa ukungu. Kioo cha namna hiyo kina mistari myembamba iliyochapwa kwa unga wa madini ya fedha. Umeme ukipita, mistari hupata joto na ukungu huondoka. Ya kwake ilikuwa imekatika.

"Nani amekata mistari hii, mama?" bosi akauliza.

"Ni mi mwenyewe, na kiwembe. Kulikuwa stika pale, ASANTE YESU. Nikahama kanisa."

"Na Yesu?"

"Yesu nilihama naye. Stika ilikuwa ya kanisa."

Kibaya zaidi, gundi ilikuwa imeacha alama. Kila ukungu ulipoingia, ASANTE YESU ilijichora upya kwenye kioo, na waumini wa kanisa jipya waliisoma wakiwa nyuma yake barabarani.

Lakini hilo silo lililomleta. Alikuwa amerudisha gari nyuma bila kuona, akagonga ukuta wa jirani, na mumewe akatangaza kwamba kioo kisipopona, usukani atapewa mdogo wake yeye mume, mtu mzima mwenye leseni mpya na asiye na kazi.

"Nilibeba sambaza kichwani mupaka nikanunua hii gari," mama alisema. "Ule mutu akikaa pale, hatatoka tena."

Bosi alichukua brashi na kichupa cha rangi yenye unga wa fedha, akaunganisha kila penye mkato, akagusisha testa, kile kipima umeme. Testa ikalia. "Imepona."

Siku chache baadaye mama alirudi. "Ilipona huku chini. Ikakufa kule juu."

Viungo vyote vilikuwa vimeungua. Testa ile hupitisha umeme kidogo mno, usioweza kumwamsha hata mbu, kwa hiyo ilipima mstari uliolala. Mstari ukifanya kazi ni jambo jingine. Penye rangi nyembamba umeme hupita kwa taabu, na pakipata moto taabu huzidi, na taabu ikizidi moto nao huzidi, hadi panaungua. Nilimwambia bosi tupime mistari ikiwa ya moto.

Nikapaka upya, tabaka juu ya tabaka, nikaacha zikauke juani. Kisha nikawasha injini na swichi ya kioo, nikaweka ncha za testa pande zote mbili za kila kiungo, kuona volti ngapi zinapotelea hapo. Nikasubiri namba ziache kupanda.

"Gari linakunywa mafuta, wewe unapika kioo," bosi alisema.

"Kikiiva mutuite!" waendesha pikipiki walipiga kelele toka barabarani.

Namba zilitulia, isipokuwa kwenye kiungo kimoja cha chini. Nikakikwangua, nikaanza tena. Kufikia jioni nacho kilitulia, lakini sikukiamini.

Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kuikumbuka Mwanza. Nilipoaga kwamba narudi Mwanza, bosi alisema, "Hata ziwani hujaoga." Alfajiri mama akanipa lifti hadi Musanze, na mumewe akamtuma mdogo wake naye apande: kioo kikishindwa, ashike usukani papo hapo.

Tulipofika kwenye baridi, ASANTE YESU ikajitokeza.

"Bon, shemeji, simamisha," yule mdogo wa mume alisema. "Nipe."

"Ngoja."

Mama akabonyeza swichi. Hakuna kilichotokea. Kisha mstari wa juu ukasafisha njia yake, na ule wa pili, na herufi zikaanza kukatwakatwa. Mstari wa chini ulichelewa, nikawa nimeshikilia begi langu kama lingeanguka. Halafu nao ukafunguka, na nyuma yetu nikaona ziwa na mji wote kule chini, kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

"Shemeji," mama alisema, "shika beseni. Maji inamwangika."

Musanze nilishuka. Mama aligeuza gari, akarudi nyuma katikati ya watu bila kumwomba mtu amwelekeze, shemeji yake akiwa amepakata sambaza. Mimi nilisimama na begi langu nikifikiri kwamba, ukiitazama vizuri, Gisenyi imefanana na Bukoba kabisa.