Flashi Yenye Sauti ya Mama Yake

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana hapa Dodoma ukinitaja kidogo tu watu wameshajua. Nina miaka sabini na moja, nimefiwa na mke, naishi peke yangu. Biashara zilipofunguliwa na kompyuta zikaanza kuingia mjini, fundi wa kwanza mtaani kwetu nilikuwa mimi. Wenye diploma walinipigia shikamoo!

Siri yangu, kusoma kwangu ni kwa kuokoteza. Vitufe navijua kwa mahali vilipo. Maneno ya Kiingereza alinisomea mke wangu, mtoto wa Busi kule Kondoa, alifika kidato cha nne. Alikaa nyuma yangu akininong'oneza, "Inauliza kama una uhakika, Baba Zena." Nami nampazia mteja sauti kama nimesoma mwenyewe.

Alipougua akajua haponi, alirekodi sauti yake, maneno ya kumwachia binti yetu Zena, aliyekuwa na miaka mitano. "Baba Zena, toka nje kidogo," akaniambia. Nikatoka. Akayaweka kwenye flashi moja tu. "Ayasikie siku ya ndoa yake. Wewe usiyasikilize."

Baada ya arobaini nikaingiwa na hofu, flashi ikifa je? Nikataka kuichukua nzima nzima, niihifadhi ndani ya kompyuta. Programu niliyokuwa nikitumia kazini ina vitufe viwili. Kimoja kinaichukua flashi kinaiweka kwenye kompyuta. Cha pili kinamwaga Windows kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye flashi, na kilichokuwemo kinafutika. Hicho cha pili ndicho nilichobonyeza kila siku kwa kazi za wateja. Mkono ukaenda kulekule.

Yakatokea maneno ya Kiingereza kwenye kioo. Mama mmoja mpiga chapa, jirani wa duka, akasema, "Baba Zena, hiyo inakuuliza kitu. Ngoja nikusomee."

"Unisomee mimi? Nimeshika kompyuta wewe bado unagonga taipu!"

Nikabonyeza ndiyo. Taa ndogo ya flashi ikawa inawaka-waka, nami najisifu. Kuja kufungua, Windows tupu. Nilimwambia yule mama imekubali.

Toka siku hiyo flashi nimeifunga kwenye kipande cha khanga, ipo kabatini. Zena amekua akiniuliza, namjibu, "Sauti ya mama yako ipo salama, baba yako ni fundi." Sasa anafanya kazi Mtumba, kule kwenye ofisi za serikali, na ndoa yake ni baada ya Idi. Juzi kanipigia, "Baba, nimeshakodi spika. Nataka ukumbi mzima umsikie mama."

Nikamwambia sawa, mwanangu.

Nimwambie ukweli kabla ya ndoa, au nimwachie siku yake ipite? Na akiniuliza mama alisema nini, namjibu nini mimi niliyetolewa nje?

Nishaurini ndugu zangu. Barua hii nimeiandika siku tatu, herufi moja moja. Na majibu yenu yaandikeni mafupi, kwa Kiswahili chepesi. Aliyekuwa ananisomea hayupo.